Krismasi Mikononi mwa Mtoto Mdogo



Mwezi wa Desemba umeingia. Shule zimefungwa, mvua zinanyesha, mashamba yanatuita, na hapa kwetu Kwihara miembe imeanza kuangusha matunda. Katikati ya shughuli hizo zote mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano anatuzunguka miguuni akiuliza, "Mama, Krismasi lini?" Ni rahisi kumwambia aende akacheze. Tena wapo wenzetu wanaoona haya, kwa kuwa mwaka huu fedha ya nguo mpya haikupatikana, wakadhani hawana kitu cha kumpa mtoto.

Mama mpendwa, unacho. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa mikono, kwa pua na kwa miguu yake, na kwa maneno anayoyasikia kinywani mwako. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha, na vifaa vyote vimo uani.

Kwanza, kuhesabu siku. Tangu tarehe 1 hadi 24 Desemba, mtoto akimaliza kula embe, kokwa ioshwe, ikaushwe juani na kuwekwa kapuni, moja kwa kila siku. Jioni mzihesabu pamoja, yeye akizigusa mojamoja. Kokwa ya Jumapili ifungwe uzi mwekundu, apate kuona jinsi juma linavyokwenda. Usimlazimishe kufika 24. Wa miaka mitatu akifika tano bila kuruka, mpigie makofi. Tumechagua kokwa kwa makusudi. Maharage, shanga na punje za mahindi huishia puani au masikioni, na huweza kumkaba mtoto koo. Kokwa ya embe haimezeki.

Pili, kufinyanga. Udongo wa kichuguu ukilowekwa kidogo hushikana vizuri. Uchague wewe mwenyewe, usiwe na miiba wala vipande vya chupa. Mtoto afinyange ng'ombe, kondoo, hori, na mtoto mchanga wa kulazwa humo. Wakati mikono inafanya kazi, uliza maswali: Yupi mkubwa? Kondoo ni wangapi? Nani yuko ndani, na nani yuko nje? Nyumba yao iwe tembe lenye paa la bapa, kama walivyojenga wazee wetu, na kama lile la hapa Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo limejengwa upya kuwa makumbusho. Nyumba za nchi ya Bwana Yesu nazo zilikuwa na paa za bapa, kwa hiyo mtoto hatakuwa mbali na kweli. Kazi ikiisha, anawe mikono kwa sabuni, kwa maana mayai ya minyoo hukaa udongoni.

Tatu, mchezo wa safari. Mlango wa nyumba uwe Nazareti, na kivuli cha mwembe kiwe Bethlehemu. Yusufu na Mariamu wajitwike vifurushi vyao na kutembea, wakihesabu hatua na kutaja kulia na kushoto. Waeleze kwamba safari ile ilizidi kilomita 100, karibu sawa na kutoka Tabora hadi Nzega. Wafikapo wapige hodi. Mtoto wa kwanza ajibu kwamba hakuna nafasi, wa pili vilevile, na wa tatu aseme, "Karibuni," awape maji ya kunywa. Kisha wabadilishane, kila mmoja apate kukataliwa na apate kukaribisha.

Sisi wa Kwihara tunauelewa mchezo huu kuliko wengi. Njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji ilipita huku kwetu, na Wanyamwezi walijulikana kote kwa kubeba mizigo mabegani. Walipita pia watu waliotekwa, waliotembea bila kupenda. Habari hiyo nzito mtoto ataisikia akikua. Kwa sasa inatosha ajue kwamba msafiri aliyechoka hasimamishwi mlangoni. Mgeni wa kweli akifika siku ya sikukuu, mtoto huyo ndiye atakayetangulia kusema "Mwangaluka" na kuleta kigoda.

Nne, zawadi. Biblia haitaji mamajusi walikuwa wangapi. Zilizotajwa ni zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Mfunge mtoto kitambaa machoni, umnusishe ubani, tangawizi, ganda la limau na jani la mwembe, atambue kila kimoja. Kisha achague mwenyewe embe zuri ampelekee bibi au jirani mgonjwa. Usimchagulie wewe, hata akichagua dogo. Mkoa wetu ni wa asali, na wengi hupenda kuitoa zawadi. Ni jambo jema, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga.

Akina mama, michezo hii ina faida nyingine. Katika pilikapilika za sikukuu mtoto asiye na kazi huenda palipo na sufuria. Chora mstari ardhini hatua tatu kutoka jikoni, umfundishe kwamba pale ndipo mpaka. Ndoo za maji zifunikwe, na kisima vivyo hivyo. Ikitokea ameungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati.

Faida ya tatu ni kwamba mama anayecheza na mtoto humjua. Je, anageuka ukimwita kwa nyuma? Anaona kokwa iliyoanguka mbali kidogo? Akiwa na miaka mitatu, anaunga maneno matatu au manne pamoja? Ukiona mashaka, usingoje aanze shule. Mlete kliniki mapema, maana usikivu hafifu ukigunduliwa mapema husaidika zaidi. Wala usione aibu, si adhabu ya mtu yeyote.

Baba naye asiachwe nje. Yeye anaweza kuwa mwenye nyumba ya tatu, yule anayefungua mlango. Watoto hawatasahau kwamba baba yao ndiye aliyesema karibuni.

Jioni ya tarehe 24, kokwa zikitimia, wasimulie habari ya Luka mlango wa 2 kwa maneno yako mwenyewe, huku wakishika sanamu zao za udongo. Baada ya sikukuu chagueni kokwa moja mbichi iliyonona, isiyokaushwa juani, mwipande pamoja wakati mvua bado ipo. Mtoto atakuwa na kazi ya kuuangalia mche wake mwaka mzima.