Grisi ya Asubuhi na Amana ya Kazi

Ndugu msomaji, kijana aliyekabidhiwa mtambo mdogo wa kijiko wa kupakia mchanga amebeba amana mbili: mali ya tajiri wake na uhai wa walio karibu naye. Zote mbili huanza kulindwa kabla kazi haijaanza.

Kila siku, aegeshe mtambo mahali tambarare, ashushe kijiko hadi ardhini, azime injini. Afute kila kitundu cha kupigia grisi, kwani mchanga ukisukumwa ndani husaga pini na bushi. Apige grisi hadi mpya ichomoze pembeni, kisha afute iliyozidi. Apime oili ya injini na ya haidroliki, asafishe rejeta, akague matairi.

Mpira wa haidroliki unaovuja asiupapase, maana mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Atumie kipande cha kadibodi. Wala asiingie chini ya kijiko kilichoinuliwa pasipo kukiegemeza kwa kizuizi chake cha chuma.

Wazazi, tunapowahimiza vijana kutafuta riziki ya halali, tuwakumbushe pia kazi asiyoiona mwajiri. Mwenyezi Mungu anaiona.

Wabillahi tawfiq.