Uji peke yake haufiki saa sita



Wiki hii tuongee juu ya malewa ya asubuhi. Hapa kwetu Mikelenge, kabla jua halijawa kali, mama zetu wamekwisha kuwasha makala na kupanga masufuria kando ya barabara. Katika sufuria kubwa kuna uji wa mchele. Pembeni, kwenye sahani zilizofunikwa, kuna mikate, maharagi, karanga za kusaga, ndizi zilizoiva, na siku nyingine ndakala za kukaanga. Mtu anachukua kikombe chake cha uji, kisha anachagua cha kula nacho.

Angalieni namna watu wanavyochagua. Baba wa pikipiki anaomba maharagi, kwa sababu anajua siku yake ni ndefu. Mama anayekwenda sokoni anaomba ndakala. Mtoto wa shule ananyoosha mkono na pesa yake ndogo: "Uji, mama, na sukari mingi." Anakunywa amesimama, anakimbia.

Sisi tunaofundisha tunamkuta mtoto huyo kalasini. Saa ya kwanza anajibu kwa sauti. Kabla ya mapumziko kichwa chake kiko juu ya meza. Tuseme ukweli: mtoto mmoja wa namna hiyo tulimwita mvivu mbele ya wenzake, tena tukamsimamisha. Siku tulipomwita pembeni na kumuuliza amekula nini, alijibu: "Uji, mwalimu." Na jana? "Uji." Na jioni? Akanyamaza. Tuliona haya. Kosa halikuwa lake, wala la mama yake aliyemwachia pesa kabla ya kwenda shambani. Asubuhi alishiba kweli, lakini shibe ile haikudumu.

Sababu ni hii. Uji wa mchele una maji mengi, na mchele wenyewe ni kidogo. Ukiongeza sukari, nguvu inakuja haraka na inaisha haraka. Mwili wa mtoto unahitaji pia chakula cha kujenga. Mchele una sehemu yake, lakini kuna kitu kinachopungua ndani yake, na kitu hicho maharagi wanacho. Maharagi nao wana upungufu wao, na mchele unaujaza. Ndiyo maana viwili hivi vikikutana kwenye sahani moja vinasaidia kuliko kila kimoja peke yake. Karanga zinaongeza mafuta, na mafuta yanafanya shibe ikae. Ndakala wanaliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo wanasaidia mifupa ya mtoto.

Jambo hili si geni kwetu. Mchele ulienea Maniema katika karne ya 19, wakati wa misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar waliokaa Nyangwe na Kasongo. Tangu hapo tumeufanya chakula chetu. Lakini nani kati yetu anaweza kumwekea mgeni wali mtupu? Tutatafuta sombe, tutatafuta samaki, hata kwa kukopa. Basi kwa nini uji tunauacha peke yake?

Mbali na hapa kuna watu wanaofikiri kama sisi. Watu wanaoitwa Wateochew, asili yao kusini mwa China, wengi walihamia Singapore. Wao pia wanakula uji wa mchele kwenye vibanda vya chakula. Uji wao ni mweupe, wa maji, punje za mchele bado zinaonekana, na hautiwi sukari. Kando yake wanapanga sahani ndogo ndogo: samaki, yai la chumvi, mboga za kuchachusha, karanga, soya iliyogandishwa. Kila mtu anaonyesha kwa kidole anachotaka, na mwenye pesa kidogo anachukua sahani moja. Mwaka 2020 UNESCO iliandika utamaduni wa vibanda vya Singapore kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Malewa yetu nayo tusiyadharau.

Sasa tufanye nini? Kwa mama anayetoa pesa: mwambie mtoto apunguze sukari, na pesa ileile inunue kijiko cha karanga au cha maharagi. Kwa mama anayeuza: weka kipimo kidogo cha watoto, kwa sababu mtoto haombi kitu anachofikiri ni cha wakubwa. Maharagi ya jana uyachemshe tena vizuri. Sahani zifunikwe, na maji safi na sabuni viwe karibu ili mtoto anawe kabla ya kula.

Kwa anayepika nyumbani: changanya karanga za kusaga ndani ya uji dakika za mwisho, ukikoroga ili zisishike chini. Kwa mtoto mdogo aliyetimiza miezi 6, uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko bila kutiririka, na maziwa ya mama yaendelee. Karanga nzima usimpe, zinaweza kumkaba.

Yule mtoto wetu? Jioni moja tulikwenda kumwona mama yake. Alisema: "Mwalimu, mimi nilijua sukari ndiyo nguvu." Tulimwomba radhi kwa neno lile la uvivu, kisha wakapatana na mama wa uji kuhusu kijiko cha maharagi. Hatusemi kila kitu kimekwisha. Siku nyingine bado anasinzia, na kwao jioni bado ni ngumu. Lakini Jumatano iliyopita alifanya hesabu zake mpaka ya mwisho, akaleta daftari mwenyewe.

Katika mkutano wetu ujao, kila kikundi kije na sahani moja ndogo ya kula na uji, ya bei ambayo mtoto anaweza kulipa. Tutaonja pamoja, na mama wanaouza watatuambia ipi inawezekana.