Umetoka jasho miezi mitatu, mbona uzani ni ule ule?

UKIPITA katika bustani ya Arboretum, karibu na Ikulu ya Nairobi, Jumamosi asubuhi na mapema, utadhani kuna mashindano. Vijana wa vyuo, akina mama waliovaa raba na wazee wenye vitambi na taulo shingoni, wote wanazunguka chini ya miti ya bustani hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1907. Waulize wamefuata nini, na wengi watakujibu: kupunguza uzani.

Jirani yangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kawangware, na kazi yake ni ya ukarani katikati ya jiji, ambako huketi tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi wa Januari alijiandikisha katika ukumbi wa mazoezi huko Westlands na kulipia miezi mitatu. Jumamosi naye hakukosa Arboretum. Machi ilipokwisha alipanda mzani. Kutoka kilo 86 alikuwa amefika 84.

"Ndugu yangu, pesa zangu zimekwenda bure," aliniambia. Viatu vya raba vikaingia chini ya kitanda.

Jambo ambalo hakulitaja mpaka nilipomwuliza ni kwamba presha yake, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeanza kumtia daktari wasiwasi, ilikuwa imeteremka. Alikuwa ameacha jambo linalomfaa kwa sababu mzani haukumsifu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Hebu tupige hesabu kidogo.

Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka kwa saa nzima hutumia karibu kalori 300. Chapati moja ya mafuta na kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari huzirudisha zote, na huenda zikazidi. Soda ya nusu lita peke yake ina zaidi ya kalori 200. Nayo kilo moja ya mafuta mwilini ina zaidi ya kalori 7,000. Kwa hivyo, ili kuiondoa kwa miguu pekee, huna budi kutembea saa 24 hivi bila kuongeza hata tonge moja kwenye sahani. Nani kati yetu hutoka mazoezini asiongeze tonge? Jirani yangu mwenyewe alikiri kuwa kila alipotoka Westlands alipitia chipsi, kwa kuwa "leo nimefanya kazi".

Kuna jambo jingine, na tunalijua kupitia majirani wetu wa Tanzania. Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, baadhi yao bado hutafuta riziki kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwanamume hutembea kilomita 11 hivi kwa siku na mwanamke karibu sita. Mwaka wa 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku nzima. Wengi walitarajia zitashinda kwa mbali zile za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wameketi. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, zilikaribia kulingana.

Maana yake ni kwamba mwili una ujanja wake. Ukiuchosha sana huku, hubana matumizi kule, kama mama anayepunguza nyama kwa sababu nauli imepanda. Wataalamu wangali wanajadiliana jinsi unavyofanya hivyo. Hata hivyo, Wahadzabe si wanene. Chakula chao ni mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda. Hakuna kibanda cha chipsi wala duka la soda njiani.

Basi tutupe raba zetu? La hasha!

Uzani huteremshwa zaidi na sahani, lakini mazoezi ndiyo huuzuia usirudi. Nchini Marekani kuna daftari maalum, lililoanzishwa mwaka wa 1994, la watu waliopunguza kilo 13 na zaidi wakakaa mwaka mzima au zaidi bila kuzirudia. Wengi wao wanasema hufanya mazoezi kwa muda wa saa moja hivi kwa siku, hasa kutembea. Isitoshe, mtu anayejinyima chakula bila mazoezi hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Faida nyingine hazionekani kwenye mzani. Mazoezi hushusha presha, huimarisha moyo na huleta usingizi mzuri. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa huko Marekani mwaka wa 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walibadilisha chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58, ingawa lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia saba tu ya uzani. Kwa jirani yangu hizo ni kilo sita.

Jambo hili si la mzaha kwetu. Takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzani ufaao walikuwa asilimia 25 katika 2008-09. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 33.

Mtu aanzie wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Si lazima ulipie ukumbi. Ukitoka Kangemi, shuka Westlands utembee kupitia Museum Hill hadi mjini. Ukitoka Kawangware, shuka Hurlingham ushike Valley Road. Afisini tumia ngazi, lifti uwaachie wagonjwa. Nyumbani, mtungi wa maji wa lita tano unatosha kukaza mikono. Ikiwa unatumia dawa za presha au kisukari, zungumza kwanza na daktari wako.

Kwenye sahani, anza na soda na sukari ya chai. Kisha punguza chapati na uongeze sukuma wiki na maharagwe. Bandu bandu huisha gogo.

Na usiuachie mzani peke yake uwe hakimu. Pima kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo. Pima presha. Hesabu ni ghorofa ngapi unapanda kabla ya kuanza kuhema.

Haya yote nilimweleza jirani yangu jioni moja tukinywa chai. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasukuma kopo la sukari upande wangu bila kuchota. Jumamosi iliyopita nilimkuta langoni mwa Arboretum, raba miguuni.