Krismasi ya Ufipa na Kalenda ya Mavuno

Ifikapo Desemba, maduka ya Sumbawanga hujaa nguo za watoto, vitenge na viatu vipya. Ifikapo Januari, nyumba nyingi za uwanda wa juu wa Ufipa hujaa madeni. Wapo wanaosema chanzo ni ukosefu wa nidhamu ya fedha. Maelezo hayo ni mepesi mno, nami siyakubali.

Tuutazame mwaka wa mkulima. Mvua huanza Novemba. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka unaofuata, na fedha huonekana kati ya Julai na Septemba. Krismasi basi humkuta mkulima ghala likipungua, shamba likidai mbolea na vibarua wa palizi, na shule zikikaribia kufunguliwa. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Tunamtaka mzazi huyu anunue zawadi katika mwezi ambao hana cha kuuza. Akitaka kutimiza, atauza mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei anayoipanga mnunuzi, au atakopa gunia moja na kurudisha zaidi ya moja wakati wa mavuno.

Mtumishi wa umma naye hana nafuu kubwa. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya sikukuu, kisha Januari nzima hungojwa. Sheria inamkinga kwa kuzuia makato yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mkopeshaji wa kausha damu huikwepa kinga hiyo kwa kushika kadi ya benki pamoja na namba ya siri. (Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi; mtu mwenye kadi za walimu kumi mfukoni angestahili kuisikia amri hiyo.) Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, asilimia 3.5 kwa mwezi, mkopo wa shilingi 200,000 huzaa riba ya 7,000. Anayetoza asilimia 30 huchukua 60,000 kwa mwezi huohuo.

Vijana wa vyuo hukopa kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tangazo lilikuwa jema, lakini halikugusa aibu inayomfanya mwanafunzi aogope kushuka stendi mikono mitupu. Aibu hiyo tumeikuza sisi wenye digrii na mishahara. Tunarudi kijijini na mizigo, tunasifiwa, na jirani asiye na mshahara anabaki akipimwa kwa kipimo chetu. Mwalimu anayemvalisha mwanawe sare mpya ya shule siku ya Krismasi, bila kuona haya, angewasaidia wazazi wa kijiji kizima kuliko semina ya siku mbili.

Lakini mfano wa mtu mmoja hautoshi. Vikundi vya kuweka na kukopa, tegemeo la wanawake wengi, vina mazoea ya kugawana akiba Desemba. Mazoea hayo yanamfaa mwenye mshahara, si mwenye shamba. Fedha iliyokusanywa kwa taabu hupatikana wiki ileile ambayo kila duka limeitegea mtego.

Ningependa wanavikundi wa Ufipa walijadili jambo hili Juni, kabla gunia la kwanza halijauzwa: mgao wa nguo na sare ufanyike Agosti, mahindi yanapokuwa na mnunuzi, fungu la mbolea litolewe Novemba, na kiasi cha sikukuu, kiwe kidogo namna gani, kiandikwe kwenye daftari la kikundi mbele ya wote, ili mama atakayemwambia mtoto wake kwamba mwaka huu ni wali na nyama tu asiwe peke yake kijijini kusema hivyo.