Kabla ya Kuzima Televisheni, Tuzungumze



Tamthilia tunazipenda, tusifichane. Vyombo vikishaoshwa, nyumba nzima inakaa mbele ya televisheni. Lakini likitokea jambo zito tu, mama mbio kwenye rimoti. Mtoto akiuliza, anajibiwa, "Nyamaza, hayo ya wakubwa." Sisi tunaona hapo tunapoteza nafasi kubwa ya malezi.

Chukueni mfano wa Picket Fences, tamthilia ya Marekani iliyooneshwa na CBS tokea mwaka 1992 hadi 1996. Aliyeibuni ni David E. Kelley. Mji wake, Rome katika jimbo la Wisconsin, ni mji mdogo wa kubuni, ule ambao siri ya nyumba hii inajulikana nyumba ya tatu kabla ya jua kuchwa. Baba, Jimmy Brock, ni mkuu wa polisi. Mama, Jill, ni daktari. Watoto ni watatu: Kimberly, Matthew na Zach.

Kwa kazi za wazazi hao, matatizo ya mji mzima yanaingia nyumbani kwao: UKIMWI, mambo ya dini, ubaguzi wa rangi, mgonjwa mahututi anayetaka kufa. Kesi zinafika kwa Jaji Henry Bone naye anahukumu, lakini maswali ya watoto yanawasubiri wazazi nyumbani. Mara nyengine baba na mama wenyewe hawakubaliani, na bado wanabaki mume na mke wanaoheshimiana. Mwaka 1993 na 1994 ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Kuna jambo jengine linalotugusa khasa. Kimberly hakuzaliwa na Jill. Ni mtoto wa mke wa mwanzo wa Jimmy. Ni mabibi harusi wangapi wetu wanaolewa na mume mwenye watoto? Tunawauliza rangi ya gauni na idadi ya wageni. Nani anamuuliza bibi harusi: huyu mtoto atakuita nani? Siku akikwambia "wewe si mama yangu," utamjibu nini? Sisi washonaji tunapima mara mbili kabla ya kutia mkasi, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi. Basi na ndoa ipimwe.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Kizungu, yatatuharibia watoto. Hoja yao ina uzito. Tamthilia hii ina vipande visivyofaa watoto, na hukumu ya Jaji Bone si fatwa kwetu. Kuchagua ni wajibu wa mzazi. Lakini mtoto aliyenyamazishwa haachi kuuliza. Atawauliza wenzake skuli, au ataiuliza simu, na simu haina uchungu naye.

Kwa hivyo, dada zetu, likitokea jambo zito usiku wa leo, muulizeni mtoto, "Wewe ungefanyaje?" Msikilizeni mpaka amalize, kisha mwambieni dini yetu inasemaje. Msilolijua, ulizeni wanaojua.

Nanyi mabibi harusi, ya watoto, ya maradhi na ya fedha yaulizeni mapema, wazee wakiwepo, kabla posa haijajibiwa. Gauni likibana tutaliachia mshono. Ndoa haina fundi wa kuiachia.