Simu ya Baba Si Intaneti ya Nyumba

Kaa katika hafla yoyote ambapo mwanasiasa anazungumzia mtandao, na hutangoja sana kabla ya kusikia ile kauli: siku hizi hata mama muuza omena ana simu. Makofi yatapigwa. Kinachoshangiliwa ni kwamba kazi imekwisha. Intaneti imemfikia maskini, imeingia mfukoni mwake, inauzwa kwa bei ya kikombe cha chai, na asiyekuwa nayo hajaitaka tu. Imani hii haiko kwa wanasiasa peke yao. Imewakaa wanahabari, wahandisi, wahisani, na hata sisi wananchi tunaoumizwa nayo. Kwangu mimi ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaoueneza.

Twende Masara, Suna Magharibi, katika Kaunti ya Migori, upande ule wa Macalder na Muhuru Bay. Watu wa huku wanaishi kwa shamba, kwa biashara ndogondogo na kwa dhahabu ya mashimoni. Pesa za simu wanatumiana kama watu wa Nairobi. Sasa fikiria nyumba ya kawaida ya hapo: watu sita, simu janja moja, kabambe moja. Simu janja ni ya baba. Alfajiri anapokwenda mgodini inakwenda naye, kwa sababu ndiyo anayopigiwa na mnunuzi wa dhahabu na ndiyo inayopokea malipo. Nyumba inabaki na kabambe. Mchana kutwa, intaneti ya familia hiyo imo ndani ya mfuko wa suruali kando ya shimo. Baba anaporudi jioni betri inakaribia kuzima, na bando aliyonunua asubuhi inakaribia kwisha. Mtoto wa kidato cha nne ana swali la kemia, mdogo wake ametumiwa kazi na mwalimu kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, mama anataka kuongea na dada yake aliye Mombasa, na baba mwenyewe, aliyelipia, anataka kuona mechi ilikwishaje.

Hiyo ndiyo nyumba tunayoihesabu kuwa “imeunganishwa”.

Mamlaka ya Mawasiliano hutuambia kwamba laini za simu nchini zimezidi idadi ya watu. Ni kweli. Lakini laini si mtu, sembuse nyumba. Kuna anayemiliki laini mbili kwa sababu mtandao mmoja unashika nyumbani na mwingine unashika sokoni, na kuna ya tatu iliyosajiliwa zamani ikasahaulika kwenye droo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu badala ya laini, na majibu yakawa mengine kabisa: kati ya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 pekee ndio waliokuwa wakitumia intaneti, na vijijini ilikuwa asilimia 13.7. Bila shaka idadi imepanda tangu hapo. Hata hivyo wakati ule ule, laini zilikuwa tayari zinasifiwa majukwaani kwamba zimejaa nchi nzima.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo uongo huu una mizizi.

Tunaambiwa bando ndogo ni rafiki wa maskini: mtu ana kumi, ananunua ya kumi, ana ishirini, ananunua ya ishirini. Haba na haba hujaza kibaba, sivyo? Ndiyo, lakini kibaba cha nani? Bando ya shilingi 20 inayodumu saa 24 imekuwa ikitoa MB 250. Kwa hesabu hiyo GB moja ni shilingi 80. Upande wa pili, mtu wa mtaa wenye faiba jijini amekuwa akilipa shilingi 2,999 kwa mwezi. Nyumba yake ikitumia GB 200, na kwa watoto wawili wanaotazama video hilo halichukui juhudi, GB moja inamgharimu shilingi 15. Mponda mawe wa Masara analipa zaidi ya mara tano ya bei anayolipa mtu wa jijini, kwa bidhaa ile ile, kisha anapewa hotuba kwamba soko linamjali.

Zaidi ya hapo, intaneti ya mwenye faiba haiishi baada ya saa 24. Bando ya maskini ina saa ya kufa. Umeme ukipotea, au mvua ikiharibu mtandao jioni nzima, pesa imekwenda na hakuna wa kuirudisha. Mwenye kununua bando ya shilingi 50 kila siku amelipa shilingi 1,500 mwezi ukiisha. Kwa takriban fedha hizo hizo kampuni ya Poa imekuwa ikiuza intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo katika mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi. Kwa hiyo anayesema kwamba maskini hawezi kulipia intaneti ya nyumbani aangalie tena: wako wengi wanaoilipia bei yake na hawaletewi.

Serikali nayo imo katika kikombe hicho cha chai. Ushuru wa bidhaa kwenye data uliwekwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu kwa viwango hivyo: katika kila shilingi 20 za bando, shilingi 5 hivi ni kodi. Mtoto anayetafuta maana ya “photosynthesis” kwa simu ya kuazima anachangia hazina ya taifa kabla hajapata jibu.

Wasomi wa sera watanikumbusha kipimo cha kimataifa. Mwaka 2018 Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba kufikia 2025 intaneti ya kiwango cha kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo zuri. Ila wastani huo unamweka tajiri wa Muthaiga na mponda mawe wa Masara katika chungu kimoja, unakoroga, kisha unapakua sawasawa. Nchi inaweza kufaulu mtihani huo huku nusu ya nyumba zake zikifeli.

Tulipoleta umeme hatukufikiri hivi. Mwaka 2015 Serikali ilikiri kwamba ada ya shilingi 35,000 ya kuunganishiwa stima iliwashinda wananchi, ikaishusha hadi 15,000 chini ya mpango wa Last Mile, na asiyeweza kulipa kwa mpigo akaruhusiwa kulipa polepole. Hakuna waziri aliyesimama kusema kwamba maadamu kila Mkenya ana tochi, mwanga umefika. Nguzo zilichimbiwa hadi uani kwa mtu. Leo baadhi ya nguzo hizo na nyaya za Kenya Power zinakodishwa kwa kampuni za intaneti kupitisha faiba, na bado tukizungumzia intaneti tunarudi kwenye hoja ya tochi.

Wala tatizo halianzi baharini. Kebo ya intaneti ya TEAMS, inayopita chini ya bahari, ilitoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ikatua Mombasa mwaka 2009, na ya Seacom ikafika mwaka huo huo. Uti wa mgongo wa faiba wa taifa, NOFBI, ukajengwa kuelekea makao makuu ya kaunti. Intaneti imevuka Bahari ya Hindi na kupanda Bonde la Ufa, ikafika Migori mjini, halafu ikaambiwa ipumzike. Kipande cha mwisho kimeachiwa kampuni, na kampuni huhesabu milango. Kibera mlingoti mmoja unahudumia mamia ya nyumba zilizobanana. Masara nyumba ziko mbalimbali, kila boma na shamba lake, na kila mita ya waya ina wateja wachache wa kuilipia. Siwalaumu wafanyabiashara kwa kujua hesabu. Nawalaumu waliokabidhiwa kazi ya kufidia pengo hilo. Tuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Umejenga minara katika kata ndogo zilizosahaulika na kuunganisha shule kadhaa za upili, na kwa hilo nausifu. Lakini hata huo hupima mafanikio yake kwa minara na maeneo. Sijaona ukihesabu nyumba.

Ndoto za angani nazo tumeziona. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya Alphabet inayomiliki Google, ikishirikiana na Telkom, ilianza kutumia baluni zilizoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi kurusha 4G katika eneo lililofika Kisumu na Kisii. Wengi walishangilia. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga kwa sababu ya gharama, na miezi michache baadaye baluni hazikuwepo. Na hata zilipokuwa juu zilikuwa zinarusha kwenye simu, ile ile iliyokwenda mgodini na baba.

Siku hizi jibu ni waifai ya bure sokoni. Serikali iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma pamoja na kilomita 100,000 za faiba. Vijengwe, sipingi. Lakini niambie, ni mzazi gani wa Masara atamtuma binti wa miaka kumi na sita sokoni saa mbili usiku akafanye kazi ya shule chini ya mlingoti? Waifai ya soko inamfaa mfanyabiashara mchana. Mwanafunzi husoma usiku, na husomea nyumbani. Tulipaswa kulijua hilo tangu Machi 2020, shule zilipofungwa, zikaja kufunguka kikamilifu Januari 2021. Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni, na watoto wa nyumba zisizo na kitu wakahamia mashambani na migodini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Serikali yenyewe imeshafunga madirisha yake mengi ya huduma ikahamia mtandaoni. Mkopo wa elimu ya juu wa HELB unaombwa mtandaoni. Tangu 2023 mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu unataka mwanafunzi ajieleze kwenye tovuti, umaskini wake wote, fomu kwa fomu. Kuchagua chuo ni KUCCPS, mtandaoni. Kijana asiye na kazi, ilimradi ana PIN ya kodi ya KRA, anatakiwa kuwasilisha ritani ya sifuri kila mwaka kabla ya Juni kuisha, la sivyo faini ni shilingi 2,000. Kwa hiyo anapanda boda hadi mjini, anamlipa mtu wa saiba, na anampa nywila yake ili amtangazie Serikali kwamba hana kitu. Huko saiba ndiko vyeti, siri na nywila za nusu ya kata zinakolala, kwa uaminifu wa kijana mmoja na kompyuta yake. Mimi huwa nashangaa kwamba mambo hayaharibiki mara nyingi zaidi.

Kuna watakaosema: hata wakipewa, wataishia TikTok. Sawa. Na wenye faiba wa Kileleshwa, Nairobi, wanaishia wapi?

Suluhisho halihitaji muujiza, na sehemu yake iko mikononi mwa watu ambao tayari wana vyama, makanisa na vikundi vya kina mama. Mwaka 2024 kisanduku na dishi la Starlink, intaneti ya setilaiti, vilikuwa vinauzwa shilingi 45,500, na huduma ya kawaida ya mwezi shilingi 6,500. Kwa nyumba moja ya Masara huo ni wazimu. Kwa nyumba kumi zilizo karibu ni shilingi 4,550 za kuanzia na 650 kwa mwezi, karibu sawa na bando ya shilingi 20 kila siku, ila hii inabaki nyumbani baba akiondoka. Kikwazo ni sheria: huwezi kugeuza huduma ya nyumbani kuwa biashara ya mtaa bila leseni, na mikataba ya kampuni nyingi inakataza. Hata hivyo mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mfumo wa leseni kwa mitandao ya jamii, na TunapandaNET ya Kibera imeonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kuendesha mtandao wao. Mlango upo. Sidhani kama wengi wa Migori na Homa Bay wamewahi kuambiwa kwamba upo, na anayepaswa kuwaambia ameshughulika kuhesabu laini.

Ninachodai ni kidogo. Chama kinachotaka kuunganisha nyumba zake kisaidiwe kupata leseni huko huko Migori, bila safari ya Nairobi. Mfuko wa Huduma kwa Wote ulipie kifaa cha kwanza, kama Last Mile ilivyobeba sehemu ya gharama ya waya wa stima. Intaneti inayoingia nyumba yenye mwanafunzi na kipato kidogo iondolewe ushuru. Na Mamlaka, kila inapotangaza idadi ya laini, itangaze karibu yake idadi ya nyumba zenye intaneti isiyotoka na mtu asubuhi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Ndugu msomaji wa Suna, Nyatike, Ndhiwa au Rangwe, safari hii nenda. MCA wako, mwakilishi wa wadi, akianza na ile hadithi ya mama muuza omena, mwache amalize, kisha muulize: ni nyumba ngapi katika wadi yako zitaunganishwa mwaka huu, na pesa hizo ziko ukurasa gani?