Milioni 80 za snuka: vijana wa Feri mkono wanao, meza iko nyuma ya geti

Septemba 2024 Judd Trump alimlaza Mark Williams 10-9 kwa fainali ya Saudi Arabia Snooker Masters kule Jeddah, mashindano yanayohesabika kwa orodha ya mapro duniani. Akabeba pauni 500,000. Hiyo ni zaidi ya milioni 80 za huku, wasee. Kwa mipira na fimbo tu!

Sasa shuka Feri jioni, ucheki mabeshte wakilisha sarafu meza ya pool. Jicho wanalo, mkono hautetemeki. Noma ni meza. Ya snuka ni futi 12 kwa 6, hii ya mtaa ni katoto tu, na ile kubwa huku Kenya imezoea kukaa kwa klabu za wanachama tangu enzi za mkoloni. Kijana wa ndala ataingilia geti gani?

Na njia ipo: bingwa wa Afrika amekuwa akipewa kadi ya kucheza na mapro miaka miwili. Mohamed Ibrahim wa Misri na Amine Amiri wa Moroko washaionja. China nako kumbi ziko wazi, unalipia saa unacheza, na 2025 Zhao Xintong akawa bingwa wa dunia. Hapa Feri hata meza moja ya hivyo ingetosha kuanza.